Moyo wa Namba Kumi na Tisa

Zagayu, Bariadi
9 Februari 1997

Kwa mwanangu Daktari Ndalahwa,

Mwadila, ng'wana wane. Huku wazima, ng'ombe wazima, palizi ya kwanza ya pamba tumemaliza. Yule jogoo wako mwekundu nilimchinja Krismasi. Tulimla sisi, lakini nilisema mbele ya wote kwamba mwenyewe yuko Madras na mchuzi umemfikia.

Sasa nikupe habari za mdogo wako Milembe. Tangu umrudishe toka huko, watu wanakuja kumtazama kama wanavyotazama gari jipya. Binti aliyekuwa akibeba ndoo hatua kumi anakaa chini kama bibi kizee, midomo imebadilika rangi kama aliyelamba wino, leo anatwanga. Marehemu mdogo wangu Pelagia angefufuka amwone mwanawe, angerudi kufa kwa furaha.

Nimewaeleza wote, kanisani na gulioni. Nawaambia mwanangu hapasui mtu. Anaingiza mrija kwenye mshipa wa paja, mwembamba kama bua la nyasi, unapanda tumboni unapita mpaka unafika moyoni. Kwenye ncha ya mrija kuna puto. Anapuliza, ule mlango wa moyo uliogandamana unaachia, anatoa puto lake, mgonjwa anakunywa uji. Mzee Januarius akaniuliza, "Mama Daktari, puto kama haya ya harusini?" Nikamwambia la harusini ni la kwenu, la mwanangu linafungua mioyo. Hakuniuliza tena.

Na kuna jambo jingine zuri, ila halijaiva, nitakuambia likiiva.

Mama yako,
Mama Daktari


Madras
11 Machi 1997

Mayu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili nikicheka peke yangu chumbani.

Nakuomba unirekebishie mambo mawili huko gulioni. Puto hatulipulizi kwa mdomo wala kwa upepo, tunalijaza maji yenye dawa. Pili, si mimi ninayeingiza mrija. Anaingiza Profesa. Mimi nasimama pembeni, nashika mwisho wa mrija usichafuke, na kuandika. Kazi yangu kubwa ni kuandika, Mayu. Huu ni utafiti. Tuna wagonjwa arobaini, sita wa Kanda ya Ziwa. Majina yao hayatumiki, kila mtu ana namba. Milembe ni namba kumi na tisa.

Sasa nisikilize vizuri. Milembe hajapona kabisa. Mlango wa moyo wake ulikuwa umeshikana kwa kovu la ugonjwa wa utotoni, sisi tumeupanua. Unaweza kuanza kushikana tena kimyakimya, yeye mwenyewe asijue, mpaka siku anapochoka kweli. Ndiyo maana lazima apigwe picha ya moyo. Mashine itakuwa Mwanza Jumanne tarehe 22 Aprili. Daktari wa pale hajawahi kumwona, atamtambua kwa kadi yake. Asikosekane. Tukikosa watu, hatutajua kama dawa hii inasaidia au inadanganya, na jina langu ndilo liko kwenye orodha ya wa Kanda ya Ziwa. Vidonge aendelee kumeza vyote, na sindano ya kila mwezi asiruke.

Jambo ambalo halijaiva ni lipi?

Mwanao,
Ndalahwa


Zagayu
10 Aprili 1997

Kwa Joyness, Nassa

Mwanangu, barua hii nimempa dereva wa lori la dagaa akukabidhi mkononi. Ukishaisoma itie jikoni.

Dada yako Milembe anachumbiwa. Ni Mihayo, kijana wa mzee Masele wa Mwamapalala, watu wenye zizi la kuheshimika. Wameshakuja mara mbili, mazungumzo ya mahari yanaendelea, na wiki hiyo hiyo ya tarehe 22 wanakuja mara ya tatu na mashangazi zao. Sasa mimi nimpeleke binti Mwanza akapigwe picha ya moyo mbele ya macho yao? Hata ng'ombe, mtu akimwona anaingizwa josho kabla ya siku zake, anauliza ana nini. Wao wanajua Milembe aliumwa akapona. Wakijua anaendelea kupimwa, watasema tunawauzia ng'ombe mwenye kikohozi.

Lakini kaka yako Ndalahwa amesema asikosekane mtu, jina lake liko kwenye orodha. Mimi siwezi kumtia aibu mwanangu mbele ya Wahindi.

Kwa hiyo utakwenda wewe. Mmetoka tumbo moja, mmenyonya ziwa moja. Usiogope, si uongo. Mgonjwa haburutwi kwenda kwa mganga, kwa mfumu wetu. Anatema mate mdomoni mwa kuku, ndugu anambeba kuku, mfumu anampasua kuku anasoma ugonjwa wa mtu aliyelala nyumbani kwake. Babu yako alisomwa hivyo, na ikawa kweli ini. Humu ndani nimekuwekea kadi ya Milembe, na kipande cha kanga alichotemea mate asubuhi kabla hajala kitu. Ukifika kwenye mashine kiweke kifuani upande wa moyo. Mashine itamsoma yeye.

Wakiuliza jina, sema Milembe. Paja wakitaka kuona kovu, ni dogo kama alipouma mbu, sema limepotea. Padri Marcelo wa misheni usimwambie.

Mama yako mkubwa,
Evalina


Nassa
24 Aprili 1997

Mama mkubwa, shikamoo.

Nimekwenda nimerudi. Daktari ni mpole. Alisoma kadi, akaniuliza kama napumua vizuri nikilala, nikasema ndiyo, maana kweli napumua. Paja hawakuuliza.

Ila kile kitambaa walikitoa. Nilikiweka kama ulivyosema, muuguzi akakiona, akasema dada, kifua lazima kiwe wazi, akakitupa kwenye beseni. Wakanipaka mafuta ya baridi wakaanza kusugua kidude chao. Nikaona kwenye kioo kitu kinafunga na kufungua kama mdomo wa samaki. Nikasema kimoyomoyo, Milembe, Milembe, Milembe, mpaka wakamaliza.

Daktari aliniambia, "Binti, una moyo wa kukimbia mbio." Nikachukua kadi nikatoka.

Nimekutumia dagaa debe moja.

Joyness


Zagayu
27 Aprili 1997

Kwa mwanangu Daktari,

Kazi yako imefanyika. Namba kumi na tisa alifika Mwanza tarehe 22 saa mbili asubuhi kabla hata mlango haujafunguliwa. Daktari amesema ni moyo wa kukimbia mbio. Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza. Hapo kwenye orodha yako weka alama kubwa.

Na sasa jambo limeiva. Milembe anaolewa Mwamapalala baada ya mavuno, kwa mzee Masele, ng'ombe kumi na wanane, na mashangazi zao walipokuwa wanahesabu niliwaambia huyu si binti wa kawaida, huyu moyo wake umefunguliwa na puto. Wakaongeza wawili.

Mama Daktari


Madras
30 Mei 1997

Mayu,

Sijui nianzie wapi. Mkanda wa picha umefika kutoka Mwanza. Alipokuja kwetu, mlango wa moyo wa Milembe ulikuwa haufiki sentimita moja. Tulipomaliza ulikuwa karibu mbili, nasi tukashukuru. Mkanda unaonyesha nne na zaidi. Nne, Mayu. Ni mlango wa mtu ambaye hajawahi kuumwa. Profesa aliutazama, akasema labda mashine ya Mwanza inazidisha, akaurudisha nyuma, akautazama tena mara tatu. Halafu akanishika bega. Hajawahi kunishika bega mwaka mzima. Novemba ataionyesha picha hiyo kwenye mkutano wa madaktari wa moyo, na kwenye karatasi jina langu litafuata la kwake.

Kwa hiyo mwambie Milembe: vidonge vya kupunguza maji na vya kutuliza mapigo aviache. Sindano ya kila mwezi tu aendelee. Akitaka kuolewa aolewe. Akitaka kuzaa azae.

Nimelia leo, Mayu, lakini kwa raha.

Ndalahwa


Zagayu
6 Julai 1997

Ng'wana wane,

Barua yako nimeisoma kwa sauti kwenye mizani ya pamba. Siku hizi wanunuzi ni watatu, kila mmoja na mizani yake na redio yake, watu wanazunguka kutafuta nani anawaibia kidogo, kwa hiyo wasikilizaji wapo. Niliposoma pale pa "akitaka kuzaa azae", mzee Masele mwenyewe alivua kofia.

Milembe yuko kwake Mwamapalala wiki ya tatu sasa. Nimempelekea barua yako aione kwa macho yake. Vidonge amevitupa chooni. Alisita kidogo, akaniambia, "Mama mkubwa, lakini aliyepigwa picha ni Joyness." Nikamwambia mate yalikuwa ya nani? Ndipo akavimwaga.

(Mwanangu, hilo la Joyness ni mzaha wetu wa nyumbani, usihangaike nalo.)

Mama Daktari


Madras
20 Agosti 1997

Mayu,

Mzaha gani huo wa Joyness? Sikuuelewa. Nijibu.

Kazi ni nyingi, tunaandaa karatasi ya Novemba.

Ndalahwa


Zagayu
19 Januari 1998

Ndalahwa mwanangu,

Barua hii anaibeba Padri Marcelo kwa miguu na kwa gari mpaka Mwanza, huko ataitia kwenye mashine ya faksi ikufikie kesho au keshokutwa. Mvua haijakatika tangu Oktoba. Pamba imeoza imesimama. Simu ya posta Bariadi imekufa. Sijui kama barua zako zimekuja, hazijanifikia tangu Septemba.

Juzi nilivuka kwenda Mwamapalala, maji kiunoni, kwa sababu Mihayo alituma mtu. Nilimkuta Milembe amekaa. Nikauliza kwa nini halali, wakasema halali, ana wiki mbili hajalaza mgongo, akilala anazama. Ana mimba ya miezi sita. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Midomo yake, Ndalahwa. Midomo yake ni ile ile ya zamani.

Aliniangalia, akavuta kanga akafunika tumbo. Ningependa angenitukana.

Aliyekwenda Mwanza ni Joyness. Si mzaha. Nilimtuma mimi, na kadi, na kitambaa cha mate, kwa sababu wakwe walikuwa wanakuja na kwa sababu wewe ulisema asikosekane mtu. Nilifikiri mashine inasoma kama mfumu anavyosoma. Kitambaa walikitoa. Joyness aliniandikia walikitoa, nami nilisoma nikapita. Sasa nakaa naliona beseni lile kila nikifumba macho.

Ulisema azae. Uliliambia tumbo la Joyness lizae, mimi nikaupeleka ujumbe kwa Milembe.

Niambie la kufanya. Padri ananisubiri mlangoni.

Mama


Madras
21 Januari 1998

Mayu,

Nimeisoma faksi nimesimama korido. Muuguzi mmoja aliniuliza kama kuna msiba, nikamwambia sijui.

Kwanza Milembe. Vidonge vyote avirudie leo, muuguzi wa Bariadi anavyo vya maji. Asilale chali, mkalishe na mito. Chumvi asionje. Afikishwe Mwanza kwa njia yoyote, hata kwa mkokoteni, msisubiri mvua. Tukimpata akiwa hai tunaweza kumpanulia tena kwa puto, hata akiwa na mimba, imeshafanyika.

Sasa mimi. Nilipaswa kujua. Kovu haliwi jipya, Mayu. Kovu halipotei kwenye mlango wa moyo ndani ya miezi sita, najua hilo toka nilipokuwa mwanafunzi, na Profesa analijua kuliko mimi, ndiyo maana alirudisha mkanda mara tatu. Ningeuliza swali moja tu. Ningesema aonyeshe paja. Nilitaka iwe kweli, basi ikawa.

Novemba Profesa alisimama mbele ya madaktari mia mbili akaonyesha moyo wa Joyness. Walipiga makofi. Karatasi inachapishwa mwezi wa nne.

Nakuomba jambo moja. Usimwambie mtu mwingine habari za Joyness mpaka nione la kufanya. Ninaweza kumwomba Profesa ampokee Milembe kwa sababu ya mimba tu, nikasema hali imebadilika, bila kulitaja lile la Mwanza. Ikijulikana nitarudishwa nyumbani, na miaka yote hii itakuwa bure. Nyamaza kidogo tu, Mayu.

Ndalahwa


Mwanza
27 Januari 1998

Ndalahwa,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali. Milembe yuko ndani, anapumua kwa mpira wa puani.

Mihayo alifunga ng'ombe wanne kwenye mkokoteni badala ya wawili. Tulimkalisha Milembe juu ya magunia, mimi nyuma yake nimemkumbatia ili asianguke nyuma. Siku ya kwanza tulikwama, wanaume wa watu tusiowajua wakaingia topeni wakasukuma. Siku ya pili jioni, kabla ya Lamadi, mtoto alitoka. Wa kiume. Alikuwa na kucha. Alipumua kama mtu anayepuliza moto mdogo, halafu akaacha. Tumemzika Lamadi kwa wavuvi, walitupa ubao wa mtumbwi mkuukuu wa kumfunika. Mihayo amempa jina Mbula, kwa sababu ya mvua.

Faksi yako nimeikuta hapa kwa Padri. Nimesoma pale unaponiambia ninyamaze. Nilirudia kusoma nikidhani macho yangu ni mabovu.

Umechelewa. Kabla hatujaondoka Mwamapalala, Mihayo aliniuliza mbele ya baba yake, "Mama, barua ile ilisema amepona, ilikuwaje?" Nikawaambia yote. Kadi, Joyness, kitambaa. Nilitegemea mzee Masele anipige. Hakunipiga. Alikaa chini kwenye matope kama mtoto. Halafu akasema, "Mkwe, mngetuambia tungemchukua vilevile." Hilo ndilo linaloniua, si jingine.

Sasa nisikilize. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Lakini hili nimelikalia siku mbili juu ya mkokoteni nikalielewa. Mimi nilitangaza kwenye mizani ya pamba, wakanisikia watu hamsini. Profesa wako ametangaza mbele ya madaktari mia mbili. Kila mmoja wao amerudi kwao. Kila mmoja ana Milembe wake. Wakishaamini kwamba moyo uliotiwa puto unarudi kuwa mpya, na wao si watasema aache vidonge? Si watasema azae? Ndalahwa, Mbula wangapi?

Niliyeanza uongo ni mimi. Niache niubebe mimi. Mwambie Profesa mama yako ndiye aliyefanya, jina lake Evalina Nkinda, hana elimu, ana mdomo. Akitaka nimwandikie, nitamwandikia kwa Kiswahili, mtafute wa kumsomea. Lakini uongo ule ukichapishwa mwezi wa nne, utakuwa wa kwako, na mimi sitaweza tena kukutaja popote.

Mama yako


Madras
12 Februari 1998

Mayu,

Nimemwambia.

Nilikaa na faksi yako siku nane. Nilikuwa nikiiweka mfukoni, naenda mpaka mlangoni kwake, narudi. Nilipoingia nilisema kwa mkupuo kama mtoto anayekiri kuvunja chungu. Alikuwa anakunywa chai. Alikiweka kikombe chini. Halafu akaniuliza, "Mtoto yuko hai?" Nikasema hapana. Akauliza, "Na mama yake?" Nikasema yuko hai. Akasema, "Basi huyo bado ni mgonjwa wetu."

Hakupiga kelele. Alichukua orodha, akatia mstari kwenye namba kumi na tisa, akaandika pembeni kwa mkono wake. Karatasi ameisimamisha isichapwe. Ameandika barua kwa walioandaa mkutano ule kwamba picha aliyoonyesha haikuwa ya mgonjwa huyo. Alinionyesha niisome. Mzee wa miaka sitini na nne, Mayu, anaandika kwamba alikosea kwa sababu yetu.

Jina langu limeondolewa. Nitamaliza mwaka huu kama mwanafunzi, nitarudi kama daktari wa kawaida. Sina manung'uniko. Ananiruhusu kuwepo Milembe akitiwa puto tena. Misheni wamepata tiketi ya Milembe. Anasafiri na muuguzi tarehe 24, akiwa na nguvu ya kukaa.

Kuna kitu nataka ujue. Tulipokuwa tukitafuta kosa, Profesa alituma watu waulize na wagonjwa wengine wa Kanda ya Ziwa, wajitokeze na wakaguliwe paja. Namba ishirini na tatu naye alikuwa ametuma kaka yake.

Ndalahwa


Madras
15 Machi 1998

Mama mkubwa, shikamoo.

Nimetiwa puto tena Jumatano. Safari hii nilikuwa macho, kaka Ndalahwa alinishika mkono, hakuandika kitu. Profesa amesema mlango umefunguka kiasi, si sana, na kwamba utanihitaji niutunze maisha yangu yote. Kiasi kinanitosha. Jana nimelala chali. Nilikuwa nimesahau dari inavyokuwa.

Muuguzi wa hapa anajua Kiingereza kidogo, mimi sijui, tunaongea kwa mikono. Aliniuliza kwa mikono kama nina mtoto. Nikaonyesha mmoja. Nikaonyesha chini.

Sijakukasirikia kama unavyofikiri. Nilijua tangu siku ile ya mate. Nilitaka kuolewa, nikaacha Joyness aupeleke moyo wake. Halafu nikapewa majibu ya moyo wake, nikauishi miezi saba. Ulikuwa moyo mzuri. Nilikimbia nao, mama mkubwa. Kuna siku nilimkimbiza ndama mpaka mtoni, Mihayo akacheka.

Mwambie Joyness asilie tena. Alinibebea alichoambiwa abebe.

Milembe


Zagayu
20 Septemba 1998

Kwa mwanangu Ndalahwa,

Tumetoka Mwanza jana. Picha ya miezi sita ya Milembe imepigwa. Safari hii mzee Masele mwenyewe alitoa nauli ya mimi na Milembe na Mihayo, na Joyness akatupokea Nassa tukaongozana wote wanne. Daktari wa pale ni yule yule. Alipomwona Joyness alishtuka, akamtazama Milembe, akamtazama Joyness. Nikamwambia, "Huyu ndiye. Yule alikuwa kuku." Alikaa kidogo ndipo akaelewa, naye hakucheka, nasi hatukucheka.

Alimwomba Milembe aonyeshe paja. Makovu yapo mawili, kama alipoumwa na mbu mara mbili.

Mlango umesimama pale pale mlipouacha. Vidonge anameza, mimi mwenyewe namhesabia. Atazaa? Daktari amesema si sasa, na kama baadaye, basi mbele ya macho yao na si mbele ya macho yangu. Hakulisema hivyo, mimi ndiye nalisema.

Halafu akachukua fomu, akaanza kuuliza. Dawa, anameza. Kuchoka, kidogo. Akafika kwenye mimba. Akauliza ngapi, Milembe akasema moja. Akauliza walio hai, Milembe akasema hakuna. Akaandika moja, akaandika sifuri, akataka kugeuza ukurasa.

Nikamwambia subiri. Nikamwambia hapo andika kwamba alikuwa wa kiume, anaitwa Mbula, alitoka kabla ya Lamadi, na kilichomwua si moyo wa mama yake, ni bibi yake aliyetaka sifa. Daktari akanionyesha fomu. Akasema kwa upole, "Mama, hapa hakuna nafasi ya kuandika hayo."

Nikatazama, kweli hakuna. Kuna kisanduku, na kisanduku ni cha tarakimu moja.

Kwa hiyo nimeyaandika hapa. Wewe ulisema kazi yako kubwa ni kuandika. Barua hii iweke kwenye faili la namba kumi na tisa, nyuma ya zile picha, kama Profesa ataruhusu. Akiuliza ni ya nini, mwambie ni ya mtoto.

Gulioni wameanza tena kuniuliza habari zako. Leo asubuhi mzee Januarius aliniita kwa mbali, "Mama Daktari, yule wa puto anarudi lini?" Zamani ningesimama nikaongea mpaka jua lizame. Nilimwambia anarudi Desemba. Nikamwambia ni daktari mzuri, kwa sababu alipogundua amekosea alisema. Halafu nikabeba kikapu changu nikaondoka, na nilipofika kwenye kona nikakumbuka sikumwambia hata jina la hospitali.

Mama yako,
Evalina Nkinda